Breki ya Dukani, Mteremko wa Ufipa

Anayeishi Mazwi, katikati ya Sumbawanga, husahau kwa urahisi kwamba mji wake umekaa juu. Kutoka sokoni kwenda Chanji au Kizwite baiskeli hupanda kidogo na kushuka kidogo, na breki mbovu huweza kufichwa kwa miezi. Lakini uwanda wa Ufipa una kingo mbili. Upande wa mashariki unakatika na kushuka Bonde la Rukwa. Upande wa magharibi unashuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yapo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe upo zaidi ya mita 1,700. Anayetoka hapa kwenda Muze bondeni au Kasanga ziwani atateremka mita 900 na ushei kabla ya kufika, na karibu kimo chote hicho kinapita mikononi mwake.

Hoja iliyo mezani ni hii: mwenye baiskeli mpya ya dukani hapa Ufipa atumie pesa yake ya kwanza kununua breki bora kuliko zile ilizokuja nazo. Nimezipa nafasi sauti tano. Hazina majina, kwa sababu kila moja inasemwa na wengi.

Anayeunga mkono hoja

KIJANA: Shikamooni wazee. Mimi nina baiskeli ya saiklokrosi, niliyoinunua Dar es Salaam ikiwa mtumba safi, haijaguswa tangu itoke kiwandani. Usukani wake umepinda kuelekea chini kama wa baiskeli za lami, ila tairi zina meno. Ni ya mashindano ya Ulaya ya majira ya baridi: mtu anazunguka njia fupi yenye matope kwa muda wa saa moja hivi, akifika kwenye kizuizi anashuka, anaitupa begani na kukimbia nayo. Breki zake ni kantiliva, vile vibano viwili vilivyotanuka pembeni mwa rimu. Huko zinatosha. Kasi ni ndogo, na nafasi iliyopo juu ya tairi inaruhusu matope kupita. Huku kwetu nateremka kilomita 40 kwa saa juu ya changarawe, nabana mpaka mkono wa breki unagusa usukani, na baiskeli ndiyo kwanza inaanza kufikiria kusimama. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, liliruhusu breki za diski katika saiklokrosi mwaka 2010. Angalieni mashindano ya Migration Gravel Race yanayofanyika Maasai Mara, Kenya, tangu 2021: diski tupu. Waliokuwa na njia nyepesi kuliko zetu wameshahama. Sisi tunangoja nini?

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Hiyo diski utaifunga wapi?

KIJANA: Kwenye foko, mzee. Na nyuma.

FUNDI: Foko yako haina masikio ya kushikia kibano cha diski, na habu zako hazina mahali pa kufungia sahani yake. Tuseme tumepata habu. Diski inasimamisha gurudumu huku chini, karibu na ekseli, kwa hiyo nguvu yote inashuka kwenye mguu mmoja wa foko, ule wa kushoto. Foko iliyotengenezwa kwa breki za rimu haikuandaliwa kubeba mzigo huo mahali hapo. Vijana huniletea foko wakisema, "Fundi, chomelea sikio tu." Sichomelei. Aluminiamu ukiitia moto unaondoa ugumu iliopewa kiwandani, na itakapokatika haitakatika hapa Mazwi mbele ya karakana yangu. Itakatika konani, katikati ya mteremko. Kwa hiyo unaposema breki mpya unasema foko mpya, magurudumu mapya, pengine fremu mpya. Hiyo ni baiskeli ya pili.

KIJANA: Basi nifunge breki za vii, zile ndefu za baiskeli za milimani.

FUNDI: Hapo umekaribia. Lakini breki hizo, tangu Shimano walipozileta mwaka 1996, zilikuja na mkono wake, unaovuta waya karibu mara mbili ya mkono uliopo kwenye usukani wako. Ukichanganya, itabidi raba zikae karibu kugusa rimu, na rimu ikipinda kidogo tu gurudumu linagoma. Ukiziachia nafasi, mkono unafika mwisho kabla raba hazijabana sawasawa. Zipo vii fupi, za vibano vyenye urefu wa milimita 80 au 85, ambazo zinaelewana na mkono wako na zinabana vizuri kabisa. Gharama yake ni kwamba zinakaa chini, karibu na tairi. Masika ikianza, udongo wetu mwekundu utajaa hapo mpaka uubandue kwa kijiti. Chagua tatizo unalolitaka.

Anayepinga

FUNDI: Sasa niseme langu. Breki si kile kipande unachokiona kikibana. Inaanzia kwenye vidole vyako na kuishia pale tairi linapogusa ardhi, na baiskeli ya dukani inakuja na kasoro katika kila hatua. Kava ya waya imekatwa mshazari, kwa hiyo ukibana inajikunja kwanza ndipo waya uvutike. Waya wenyewe haujawahi kuvutwa. Ukiutumia siku chache unalegea. Raba zimekaa ghalani mpaka zimekuwa ngumu na kung'aa kama jiwe la mtoni. Spoki zimekazwa kwa mashine, upande huu mno, upande ule kidogo, na rimu inayoyumba hailingani na raba yoyote. Nipe asubuhi moja. Nitakata kava upya, nipige tupa ncha zake zikae mraba. Nitaweka waya mpya uliopakwa grisi. Nitanyoosha gurudumu kwa spana ya spoki, nisugue rimu mpaka mafuta yote yatoke, nifunge raba laini. Kila raba nitaielekeza ncha ya mbele itangulie kugusa kidogo, isipige kelele. Ukishaonja breki hiyo ndipo uniambie kama bado unataka diski.

KIJANA: Mzee, zangu hazipigi kelele tu. Nikibana ya mbele, foko nzima inatetemeka mpaka meno yanagongana.

FUNDI: Huo ni ugonjwa wa kantiliva. Waya wako wa mbele unashikiliwa juu kabisa, kwenye shingo ya usukani. Ukibana, foko inarudi nyuma kidogo. Ikirudi, inauvuta waya zaidi, breki inakaza, foko inarudi tena, halafu inaachia. Hujabana mara moja, umebana mara nyingi kwa sekunde. Dawa ni kuteremsha kishikio cha waya kikae kwenye kichwa cha foko yenyewe, ili foko na waya vitembee pamoja. Ni kipande kidogo cha chuma na boliti moja. Halafu ule waya mfupi unaounganisha vibano viwili, uliofungwa juu sana, nitaushusha. Ukikaa chini breki inapata nguvu, ingawa nafasi ya matope inapungua.

KIJANA: Na mkono wa mbele upo kushoto.

FUNDI: Hilo ungeanza nalo! Mtumba wa Ulaya bara na Marekani huwa breki ya mbele ipo mkono wa kushoto. Hapa tumezoea kulia, kama baiskeli za Kiingereza zilizotufundisha. Siku ng'ombe anakatiza ghafla, mwili hauulizi kiwanda, unabana ulivyozoea. Kubadilisha nyaya ni kazi ndogo, na hakuna kitu chochote cha kununua.

Hesabu ya mwalimu

MWALIMU: Wote wawili mnazungumzia kifaa. Mimi nauliza: kifaa hicho kinatakiwa kula nishati kiasi gani? Tuchukue baiskeli ya mizigo. Mtu na baiskeli kilo 80, gunia la kilo 100 kwenye keria, jumla 180. Iteremshe mita 900. Nishati itakayoachiliwa inakaribia kilojuli 1,590. Sehemu yake inaliwa na upepo na tairi linalosaga changarawe. Tuseme theluthi moja. Inayobaki lazima igeuke joto kwenye raba na rimu, na joto hilo linatosha kuchemsha lita tatu hivi za maji baridi ya Sumbawanga. Ndiyo maana kiraka cha tyubu kilichoshika vizuri mjini kinabanduka katikati ya mteremko: gundi imepata moto wa rimu. Mnamlaumu muuza gundi bure.

KIJANA: Mimi na saiklokrosi yangu hatufiki uzito huo.

MWALIMU: Hufiki. Una kilo 80 kwa jumla, na kwa kasi yako upepo unakusaidia sana kushika breki. Kwa hiyo wewe shida yako ni kusimama haraka. Ya mwenye gunia ni kustahimili joto kwa muda mrefu. Mnatembea njia moja lakini hamhitaji breki moja. Hata kipimo cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, hupima breki zikiwa kavu na zikiwa na maji, kwa uzito wa jumla wa kilo 100. Anayepakia gunia ameshakaribia mara mbili ya uzito wa mtihani ule.

FUNDI: Na ipi itangulie kubana, ya mbele au ya nyuma?

MWALIMU: Kwa baiskeli tupu, ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ukipunguza kasi, uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza. Kwenye tambarare breki ya nyuma peke yake inafanya kama nusu ya kazi inayoweza kufanywa na ya mbele, na kwenye mteremko hata nusu hiyo mlima unaimega. Weka gunia nyuma, hesabu inabadilika: gurudumu la nyuma linapata uzito, breki yake inaamka. Ila hata hapo zitumike zote mbili, joto ligawanywe kwenye rimu mbili.

Mwenye duka ajitetea

MWENYE DUKA: Naona kila mtu ananizunguka. Saiklokrosi siuzi, nikiileta itakaa mpaka ipate kutu. Nauza baiskeli za mizigo zenye breki za fito, na zile za milimani za bei nafuu. Zinakuja ndani ya maboksi, nusu zimefungwa. Kijana wangu anamalizia. Mteja akiingia anauliza mambo mawili: bei, na keria inabeba kiasi gani. Sijapata mteja aliyeuliza rimu ni ya chuma au ya aluminiamu. Nikileta yenye rimu ya aluminiamu, inapanda bei, anavuka barabara kwa jirani. Mnataka mimi niwe mlezi wa taifa?

FUNDI: Bosi, rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa haishikiki. Raba inateleza juu ya maji, gurudumu linazunguka kwanza mara kadhaa lijifute. Kwenye aluminiamu raba inapata pa kung'ata, mvua au jua.

MWENYE DUKA: Basi wabadilishie rimu, upate na wewe riziki.

FUNDI: Natamani ingekuwa rahisi. Breki za fito zinavuta raba kuelekea juu, zinabana rimu kwa ndani, upande wa spoki. Rimu yake ni ya mviringo, haina ukuta bapa ubavuni. Kwa hiyo huwezi kufunga vibano vya pembeni ukaacha rimu ile ile, wala huwezi kuweka rimu ya aluminiamu ukabaki na fito. Unabadilisha vyote pamoja. Tena mtu anunue rimu bila kuhesabu matundu! Za mtindo wa Kiingereza mbele ni spoki 32, nyuma 40. Rimu nyingi za baiskeli za milimani ni 36. Analeta rimu nzuri, haiingii kwenye habu yake.

MWENYE DUKA: Unaona? Hata anayetaka kuboresha anakwama. Enzi ya Swala, baiskeli yetu wenyewe iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO kule Dar es Salaam, angalau nchi ilikuwa na mahali pa kupeleka lawama. Leo boksi limeandikwa lugha nisiyoisoma.

KIJANA: Mbona tusitengeneze vipuri hapahapa? Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri ndefu kuliko mtu, wakafua majembe. Sisi tunashindwa na kipande cha raba?

FUNDI: Hatushindwi kukata, tunakata kila siku, kutoka tairi kuukuu la gari. Inadumu sana hiyo. Inadumu kwa sababu ni ngumu, na kwa sababu ni ngumu haishiki. Jembe la babu likivunjika, mkulima alisimama shambani akarudi nyumbani kwa miguu. Raba ya breki haikupi nafasi hiyo.

Sauti iliyochelewa kuombwa

MAMA MCHUUZI: Niruhusuni na mimi. Kantiliva siijui. Mimi nachukua samaki na mpunga wa bondeni, na vijana wanaonipandishia mzigo ndio hao wanaoteremka na sukari, sabuni na mafuta ya alizeti. Kupanda wanasukuma, wanachoka, lakini wanafika. Kuteremka ndiko kunakonikosesha usingizi. Breki zikiisha kijana anatoa mguu mmoja kwenye pedali, anakandamiza kandambili kwenye tairi la nyuma, anashuka hivyo. Unawajua kwa soli zao: moja nzima, moja imeliwa. Mwalimu amesema gunia moja linafikisha karibu mara mbili ya kipimo. Nani amewahi kumwambia kijana? Mwenye duka anamwambia keria inabeba. Fundi anamwambia baiskeli imepona. Na mimi, niseme ukweli, nampakia.

MWENYE DUKA: Lakini mama, kijana mwenyewe anaomba apakiwe zaidi. Analipwa kwa uzito.

MAMA MCHUUZI: Ndiyo, baba. Na anaombea hapo hapo tambarare, mbele ya stoo yangu. Hakuna anayepanga bei ya mzigo akiwa ukingoni. Kama ningemlipa kwa safari badala ya kwa kilo, angeteremka na nusu gunia na breki zake zingempenda.

MWALIMU: Kwa hesabu, mama ametoa breki bora kuliko zote zilizotajwa hapa. Ukipunguza kilo 50 kwenye kilo 180, umeondoa zaidi ya robo ya joto bila kununua waya hata mmoja.

KIJANA: Hiyo inasaidia mwenye mzigo. Mimi sina cha kupunguza ila kasi.

FUNDI: Kipunguze hicho basi. Na tairi pia. Hizo zako zina milimita 33, upana wa mwisho unaoruhusiwa na UCI kwenye mashindano. Wewe hushiriki mashindano ya UCI. Kama foko inapitisha 38, weka 38, upepo uwe mdogo kidogo. Breki hata iwe ya diski haiwezi kusimamisha baiskeli yenye tairi lisiloshika changarawe.

Kauli ya mwandishi

Hoja kama ilivyoandikwa naiangusha, ingawa kijana hakushindwa katika kila kitu. Ana haki anaposema breki zake hazifai. Amekosea pale alipodhani kwamba kutofaa huko kumo ndani ya kifaa, kumbe kumo katika pengo kati ya kifaa na mahali. Baiskeli yake iliundwa kwa matope na kasi ndogo. Zile za mwenye duka zinanunuliwa kwa kuangalia bei na keria. Hakuna hata moja iliyoulizwa, kabla ya kuuzwa, kama itaweza kushuka Ufipa. Baiskeli inayoteremshwa kwenye boksi haijamalizika kutengenezwa. Kazi ya mwisho, ya kuilinganisha na mteremko na mzigo wa mtumiaji, imeachwa Sumbawanga, na kwa sasa hakuna anayejiona amepewa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwa fundi: kava, waya, raba, kunyoosha gurudumu, kupanga mikono ya breki kama mwenye nayo alivyozoea. Pesa ya pili iende kwenye tairi. Ya tatu, kwa mwenye rimu za chuma anayesafiri masika, iende kwenye magurudumu ya aluminiamu pamoja na vibano vyake, vyote kwa mpigo, matundu ya spoki yakiwa yamehesabiwa kwanza. Kubadili aina ya breki kuwe mwisho. Anayetaka diski aanze kuweka akiba ya baiskeli iliyozaliwa na diski, aachane na moto wa kuchomelea. Na kwa mwenye mzigo, kabla ya hayo yote, kuna kilo za kupunguza. Hapo uamuzi umo mikononi mwa anayelipa usafirishaji kuliko anayeendesha.

Nakubaliana na mwenye duka kwamba hawezi kuuza baiskeli bora peke yake wakati jirani anauza rahisi. Simwachii hapo, hata hivyo. Ujira wa fundi wa asubuhi moja unaweza kuingizwa kwenye bei, na mteja akaambiwa waziwazi kwamba anachonunua ni baiskeli iliyofungwa na kupimwa. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 ulishasema baiskeli iwe na breki inayofanya kazi. Haukusema ifanye kazi dukani.

Mnunuzi naye asingoje mikataba. Kabla ya kutoa pesa, aombe aipakie mzigo atakaoubeba kweli, aipeleke kwenye kilima chochote kilicho jirani, amwagie rimu maji, aanze kushuka taratibu na abane. Ikisimama, alipe. Isiposimama, airudishe ikiwa bado ni mali ya duka.